Nyama Tuliyoila kwa Kujificha

Mwanangu Milembe,

Sitakuuliza hali. Umepita hapa sasa hivi na beseni la nguo, ukanicheka kwamba nawaandikia barua watu ninaokaa nao nyumba moja, kisha ukaenda kuwaaga wenzako wa kwaya. Nina muda mpaka utakaporudi. Nikimaliza nitaikunja barua hii niiweke ndani ya kikaango chako kipya, kile nilichokifunga kwa gazeti, nikijua hutakifungua mpaka siku utakayotaka kupika. Mwandiko umepinda, unisamehe. Viganja bado havijapona.

Kuhusu kuamka mapema, kusali, kujihadhari na wanaume wenye maneno matamu, bibi yako ameshasema yote na kesho stendi atayarudia. Mimi nataka kukujibu swali la Jumapili.

Uliniuliza, "Mama, nimekosa nini?" Nikakujibu hujakosa, nikaenda kulala jua likiwa bado kali. Hilo halikuwa jibu.

Ulikuja na karatasi uliyochapishiwa pale kwenye kompyuta za mjini, chakula rahisi cha mwanafunzi asiye na kitu. Nyama kidogo iliyokatwa nyembamba, kitunguu, pilipili hoho, ndimu, vyote vikaangwe kwa moto mkali kisha vikunjwe ndani ya mkate mwembamba. "Inaitwa fajita," ukasema, ukalitamka jina hilo mara tatu kwa namna tatu. Nikakutania kwamba watu wa mbali wamechukua nyama ya kukaanga na chapati wakazipa jina la kwenda nalo harusini. Bibi yako akasema kama haina mlenda haitateremka. Tulikuwa tumefurahi siku ile. Mimi nilikuwa nje nachambua choroko, nakusikia unakata vitunguu na kujifuta machozi.

Kisha upepo ukaleta vumbi la uwanjani na wewe ukafunga mlango wa jiko.

Nilisikia komeo. Sikumbuki nilivyoinuka. Nakumbuka nikiupiga mlango teke, nikiushika ule mkaa unaowaka pamoja na jiko lake kwa mikono mitupu, nikilitupa nje. Nyama ikamwagika mchangani, mbwa wakaifuata. Ulikuwa umeshakunja ya kwanza, umeishika mkononi, na ulikuwa umeikunja ncha ya chini kwanza ili mchuzi usidondoke. Hakuna mtu aliyekufundisha kukunja vile. Nilipoiona mkononi mwako nilihisi baridi mpaka kwenye meno.

Chakula hicho, mwanangu, nilishakipika. Nilikipika mara moja tu, pamoja na yule unayelibeba jina lake.

Unaijua habari ya mama yako mdogo kama bibi yako anavyoisimulia. Kwamba nilikuwa nasomea upigaji chapa hapa Bariadi, nimepanga chumba nyuma ya soko. Kwamba mdogo wangu alikuja kunitembelea kutoka kwetu Mwandoya, msichana wa miaka kumi na mitano mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Kwamba jirani yetu, Mama Kwandu, mjane aliyekuja kutoka Migato, alitamani chakula chetu, akanyimwa, akamroga mdogo wangu akafa siku hiyo hiyo. "Na mlango ulikuwa wazi," bibi yako humalizia, "hewa inaingia na kutoka, mtoto mzima, mara amekufa. Kama si uchawi ni nini?" Umeisikia tangu ukiwa mgongoni. Ukiwa mdogo ulikuwa ukiona kikongwe mwenye macho mekundu sokoni unajificha kwenye sketi yangu, na mimi nilikuwa nakushika kichwa nikinyamaza.

Sasa nisikilize mimi. Mimi ndiye niliyekuwemo chumbani.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa ilipoanza. Wewe umezaliwa ukakuta maduka yamejaa, huwezi kujua. Kabla ya hapo tulikuwa tunapanga foleni ya sabuni, na unga wa ngano ulikuwa kitu cha kusikia kwa walioukula. Mwenye sukari alikuwa anaificha chini ya kitanda, na akinywa chai tamu anakunywa amefunga mlango. Tulijifunza kujificha. Halafu ruksa ya kuleta na kuuza bidhaa ikaja, mashati ya mitumba yakamwagwa chini sokoni, unga ukarudi, mafuta ya kupikia yakapimwa kwa kikombe bila kumbembeleza mtu. Vitu vikarudi, lakini ile tabia ya kufunga mlango haikuondoka pamoja na foleni.

Nami nilikuwa mwanafunzi, mkono mtupu. Wiki nzima nilikula michembe niliyotumiwa na mama, viazi vikavu asubuhi, viazi vikavu jioni. Mdogo wangu alipofika na furushi jingine la michembe nilikaribia kulia. Akaniangalia akasema, "Dada, umekonda kama fimbo ya mchungaji. Leo tunakula nyama." Alikuwa na vijisenti vya kuchuma pamba. Tukanunua nyama robo kilo, unga, kikombe cha mafuta, kitunguu, ndimu na hoho moja.

Robo kilo kwa watu wawili wenye njaa ni dhihaka. Yeye ndiye aliyesema tuikate nyembamba kama nyuzi ili ionekane nyingi. Nakuandikia alivyofanya, maana ile karatasi yako haisemi. Alikata kukatiza nyuzi za nyama, si kuzifuata, kwa hiyo hata nyama ya ng'ombe mzee ililainika. Akaikamulia ndimu na chumvi akaiacha wakati tunasukuma chapati. Kikaango kikapata moto mpaka kikatoa moshi, ndipo nyama ikaingia, kidogo kidogo, maana ukiijaza yote inatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Hoho na kitunguu vikaja mwisho, viive nusu, vibaki vinalia ukivitafuna. Na kwa kuwa nilikuwa na sahani moja tu, akasema, "Tukunje humo humo kwenye chapati, nani anahitaji sahani." Akakunja ncha ya chini kwanza.

Mvua ilikuwa inanyesha, mchana wa saa tisa hivi. Huo ndio ulikuwa udhuru wa kuingiza jiko la mkaa ndani. Lakini nitakuambia ukweli wote leo: hata kama jua lingewaka ningeliingiza. Nyumba ile ilikuwa na vyumba sita na ua mmoja. Wewe umelelewa hapa, unajua, mtu akikukuta unakula humuachi apite. Babu yako, baba yangu, hakuwahi kumega tonge bila kuangalia barabarani kama kuna mpita njia wa kumwita. Nikaona robo kilo ya nyama, nikahesabu wapangaji. Nikafunga dirisha. Nikafunga mlango. Harufu ilipozidi nikachukua khanga yangu nikaisokomeza chini ya mlango.

Mdogo wangu alicheka. "Dada, tunaiba?" 

"Kula," nikamwambia.

Kwetu Mwandoya tulilala na moto ndani miaka yote. Ulikuwa unawaka katikati ya nyumba, kuku pembeni, moshi unapenya kwenye nyasi za paa, na hatukufa. Hivyo hofu haikunijia hata kidogo. Sikujua kwamba nyumba ya nyasi inapumua na ile ya saruji, yenye dari ya mbao na bati, haipumui. Baba alikuwa ameniambia kwa fahari, "Binti yangu unalala nyumba ya kisasa."

Tulikuwa tumebakiza kama nusu ya chakula aliposimama mtu mlangoni.

"Hodi. Naombako moto, wanangu. Wangu umezimika na mvua."

Alikuwa Mama Kwandu. Alikaanga karanga za kuuza, akitumia vijiti vya pamba na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake ndio uliomfanya awe na macho mekundu. Kila mtu pale uani alijua sababu ya macho yale. Kuomba moto ni jambo dogo kuliko yote ambayo mtu anaweza kumwomba jirani. Unachukua kaa moja unaliweka kwenye kigae chake, basi. Lakini nikifungua angeona nyama, na ningelazimika kusema karibu.

Niliweka kidole mdomoni. Mdogo wangu alinikodolea macho. Aliinuka nusu, akaniangalia, akakaa. Alikuwa mtoto mwenye adabu, na mimi nilikuwa mkubwa wake.

"Wanangu, mmelala?" Akagonga tena, mara tatu, polepole. Kisha nikasikia ndara zake zikiondoka kwenye matope.

Hicho ndicho ninachokisikia mpaka leo. Mtu akigonga mlango mara tatu polepole, hata akiwa ni wewe, moyo wangu unasimama. Maana nimefikiri sana, Milembe, miaka yote hii, na kila nikifikiri nafika pale pale. Kama ningefungua, hewa ingeingia. Jiko lingetoka kidogo ili achague kaa zuri. Mdogo wangu angeokoka kwa sababu ya kaa moja la moto.

Tukamaliza kula. Tulishiba, tukaona usingizi, kichwa kikaanza kuniuma nikadhani ni mafuta niliyokuwa sijayala siku nyingi. Akasema anasikia baridi, nikalisogeza jiko karibu na alipojilaza. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu.

Sijui nililala kiasi gani. Niliamka natapika, miguu haifanyi kazi, nikatambaa mpaka mlangoni, nikavuta komeo, nikaangukia kizingitini. Aliyeniona ni Mama Kwandu. Alinishika makwapani akanivuta mpaka kwenye mvua. Kisha akaingia, akambeba mdogo wangu, akaja kukaa naye matopeni, akimmwagia maji na kumwita kwa jina. Wapangaji wengine walipotoka walimkuta hivyo, kikongwe mwenye macho mekundu amempakata msichana aliyekufa.

Hospitali daktari hakubabaika. Aliniuliza mbele ya baba, mama na baba zangu wadogo walioletwa na lori, "Mlipika na mkaa ndani?" Nikasema ndiyo. "Mlikuwa mmefunga mlango?"

Mwanangu, nilimwangalia baba. Alikuwa amevaa shati lake la kanisani, limelowa, amelishika furushi la nguo za mdogo wangu. Mtu aliyekuwa akiwaita wapita njia. Nikaona aibu ya kumwambia kwamba binti zake wawili walijifungia wakala nyama, wakamsikia mjane anaomba moto wakanyamaza. Aibu hiyo ilinishinda nguvu kuliko msiba wenyewe. Sijui kama utanielewa. Mimi mwenyewe sijielewi.

Nikasema, "Hapana. Ulikuwa wazi."

Daktari akaandika kitu, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Maneno matatu tu. Sikumtaja Mama Kwandu. Kwa miaka mingi nilijitetea kwa hilo, kwamba mimi sikumtaja. Lakini mlango ukiwa wazi mkaa hauui, na kama mkaa haukuua, basi lazima kuna aliyeua. Wakamtafuta. Wapangaji wakasema walimsikia akigonga. Mmoja akasema alimwona ameondoka amenuna. Baba zangu wadogo wakaenda kwa mganga wa kienyeji, naye hakuwa na kazi ngumu, jina walilipeleka wenyewe.

Walikwenda mchana. Nilikuwa nimekaa msibani, nywele zimenyolewa, nikawaona wakiondoka na nikajua wanakokwenda. Nilikuwa na muda wa kusema. Mama alikuwa pembeni yangu, ningeweza kumnong'oneza tu. Nilichukua kikombe cha uji nikanywa. Walivunja vyungu vyake na kikaango chake cha karanga, wakamwambia jua lisimkute mjini. Hawakumpiga, na watu walisema ni kwa sababu familia yetu ni ya wastaarabu. Aliondoka na furushi moja kichwani. Wanasema hakusema neno lolote, na kunyamaza kwake kukawa ushahidi.

Nilipokuzaa, mama yangu alitaka jina la marehemu. Ningekataaje? Nikamwita mwanangu Milembe, yaani Amani kwa Kisukuma, huku mimi mwenyewe sina. Kila nilipokuita uje kula, nilikuwa naita watu wawili. Hukuwahi kujua kwa nini mama yako hapiki nyama ya kukaanga, kwa nini milango ya nyumba hii inakaa wazi mpaka kuku wanaingia sebuleni na baba yako anagomba. Baba yako hajui. Babu yako amekufa hajui. Mpaka anaingia kaburini hakuwahi tena kununua karanga, na watu wa Migato hakuwapa mkono.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda zaidi ya miaka ishirini, na haijachoka.

Mara moja nilijaribu kurudi. Ulikuwa darasa la tano, nikakwambia nakwenda semina ya kazini. Nilikuwa nimesikia kwamba Mama Kwandu yupo Bukundi kwa mtoto wa kaka yake. Nilimkuta ameketi mlangoni anapukuchua mahindi, macho yameingia ukungu. Nilimsalimia, akaitambua sauti. Nilitegemea anifukuze, na ningeshukuru. Akasema, "Karibu, mayu. Umefika wakati mzuri, tunakula." Wakaleta ugali na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, wakanipa kigoda. Nilikula.

Akaniuliza, "Mdogo wako mlimzika vizuri?"

"Vizuri, mama."

"Wewe nilikuvuta kwa mikono hii. Yeye alikuwa mzito tayari." Akapukuchua gunzi zima. Kisha akasema, "Nilikuwa naomba moto tu, siku ile."

Hakunilaumu. Aliniambia kama mtu anayeulizia kitu alichokisahau mahali. Alikuwa ananipa nafasi, Milembe, alinifungulia kabisa. Nami nikasema, "Wabeja, mayu," nikashukuru kwa chakula, nikaondoka. Nililia njia nzima mpaka Mwanhuzi, na machozi hayakumsaidia mtu.

Bado yu hai. Mwezi uliopita mnunuzi mmoja wa choroko aliyetoka huko aliniambia, amezeeka sana lakini yu hai. Na bado watoto wa Bukundi wanaambiwa wasipokee kitu mkononi mwake.

Sikuandikii ili unisamehe. Wewe huna cha kunisamehe, wenye kusamehe ni wengine. Nakuandikia kwa sababu unakwenda kuishi chumba cha saruji, na boom, ile pesa ya mkopo wa chuo, likichelewa utakuwa na robo kilo ya nyama na majirani sita. Najua jinsi mkono unavyolitafuta komeo wenyewe. Mimi sikuwa mtu mbaya siku ile, nilikuwa na njaa tu, na nilitaka kitu kizuri kiwe changu kwa nusu saa. Ukipika chakula chako hicho cha jina gumu, pika. Kipike kwa raha, mama yako mdogo alikipenda, alicheka mafuta yakimtiririka mpaka kiwiko. Ila jiko likae nje, na mlango ukae wazi. Mtu akisimama hapo utasema karibu, na kitakachobaki kitakuwa kidogo, na utalala na njaa kidogo. Njaa hiyo inaisha asubuhi.

Sasa nikuambie la kesho.

Kesho stendi, kabla hujapanda basi, bibi yako atakushika mkono akwambie kama anavyokwambia kila safari: "Jihadhari na vikongwe wa macho mekundu. Mmoja alimla mwenye jina lako." Nawe utajibu, "Ndiyo, bibi," kama kawaida yako. Mimi nitakuwa nimesimama hapo hapo na mkoba wako. Siku zote mimi hutazama chini. Kesho nimeazimia kusema, mbele yenu wote wawili, halafu nimpandishe mama gari la kwenda Mwanhuzi, tufike Bukundi yeye na mimi, angali hai yule mama.

Lakini najijua. Nimeshaazimia mara nyingi. Ndiyo maana nimeandika kwa wino na barua nitaiweka mahali ambapo lazima utaiona, ili nisiwe na mlango mwingine wa kufunga.

Ukiisoma barua hii na ulinisikia nikisema pale stendi, basi kaanga nyama yako ule kwa amani. Ukiisoma na hukunisikia, ujue niliogopa tena. Usinionee huruma, mwanangu. Acha kikaango, nenda kapige simu ile ya duka la jirani yetu hapa, uombe wamwite bibi yako, umwambie wewe: mlango ulikuwa umefungwa, na Mama Kwandu alikuwa anaomba moto tu.

Mama yako,
Minza